Nambari Ndogo Begani

Keti, Malkhazi. Lisogeze koti lako mbali na hita,
linafuka mvuke kama chungu.
Mvua ya Ozurgeti haiulizi msimu,
na maktaba hii huvuja juu ya rafu ya jiografia tu,
sijui kwa nini.

Nimeisoma makala yako juu ya babu.
Aliyeifuta ni mimi, usimtafute mwingine.
Saa nne usiku uliiweka, saa nne na robo haikuwapo,
ukaniandikia maneno ambayo mama yako hayajui.
Hayo nayo nimeyafuta.

Uliandika: Parnaozi aliimba sauti ya juu
kuliko mtu yeyote wa Guria,
hata mbwa wa ng'ambo ya mto walinyamaza.
Umejuaje?
Kila mtu anajua, unasema. Lisemwalo lipo, bibi.
Ndiyo, lipo. Lipo midomoni.
Ensaiklopidia yetu haina masikio, ina macho tu,
nayo huuliza: limeandikwa wapi, na nani,
na huyo nani alilipwa na nani?

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Sikulaumu. Mimi, mwaka wangu wa kwanza,
nilimwandika baba yangu, fundi wa saa za ukutani,
kurasa tatu, na picha yake ya masharubu.
Shahidi wangu nilikuwa mimi.
Msema pweke hakosi.
Alinifuta mtu wa Batumi asiyenijua,
nikakaa jikoni navunja jozi kwa nyundo
nikavunja na kidole.

Hakuna aliyesema babu yako hakuwa mtu.
Hapo sikia vizuri.
Hatupimi uzito wa roho,
swali letu ni dogo kuliko hilo, la kikarani:
je, wageni wawili watatu, wasiokula mezani kwenu,
waliwahi kukaa wakaandika habari zake
kwa kirefu, bila kuombwa?
Kadi ya harusi haihesabiki.
Jiwe la kaburi mlilichonga wenyewe.

Vua hilo koti. Twende ghalani.

*

Gazeti la wilaya, mwaka wa sabini na moja.
Gundi inanuka kwato.
Tulifunua tangu saa tisa hadi umeme ukakatika,
ukashika simu yako juu kama kurunzi.
Mavuno ya chai, mavuno ya chai, hotuba,
mavuno ya chai, ng'ombe aliyepotea.
Kisha ukurasa wa nne, chini,
pembeni ya tangazo la mbegu za mahindi:
dereva Parnaozi, jina la ukoo limekosewa,
ametozwa faini ya rubli tatu
kwa kuchelewesha magunia ya chai kiwandani.
Amejitetea kwamba alisimama darajani kuimba.

Ulicheka.
Kisha hukucheka.

Mstari mmoja hauzai makala, Malkhazi.
Lakini makala ya daraja lile ipo, mifupa mitupu:
urefu, zege, mwaka wa kufunguliwa.
Mweke hapo.
Usiseme mwimbaji mkuu. Waache mbwa wabweke.
Sema gazeti lilichosema, kwa herufi zetu za mviringo,
taja tarehe, taja ukurasa,
na begani mwa sentensi pandisha nambari ndogo
kama mtoto anayeinuliwa aone gwaride.
Atakayetilia shaka ataifuata nambari hiyo
mpaka kwenye ghala hili, kwenye gundi hii.

Unauliza jina la ukoo, tulisahihishe?
Mali bila daftari hupotea bila habari,
sawa, na daftari likikosea?
Hapo sina jibu.
Mwulize mama kama ana cheti cha kuzaliwa.
Hapana. Hicho nacho ni cha nyumbani.
Acha nifikiri hadi Alhamisi.

Uliposhuka ngazi gizani ulipiga sauti,
ya juu, ikavunjika katikati, ikajiokota.
Nimeisikia mimi, peke yangu.
Haihesabiki.